Maporomoko ya Jumamosi

Nikiwaambia watu kwamba sisi wa Ronge, kule milima ya Taita, tulikuwa tukiwafungulia watalii maporomoko kama mtu anavyofungua bomba, hucheka mpaka wakashika mbavu. Nami huwaacha wacheke, kwa sababu nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipunga kitambaa.

Nianze na mama. Mama alikuwa na hoteli. Usifikirie ghorofa, tafadhali. Kwetu hoteli ni mahali pa chai. Yake ilikuwa banda la mabati lenye meza nne, jiko la kuni kwa nyuma, na dirisha kubwa lisilo na kioo lililotazama mwamba. Kutoka juu ya mwamba huo maji ya kijito chetu yalianguka, upana wa mlango wa kanisa, yakapiga mawe kwa kishindo na kurusha manyunyu mpaka kwenye meza zetu. Watu wa Mombasa wangelipa kwa ubaridi ule. Sisi tulivaa sweta tu, tukalalamika kwamba nguo hazikauki.

Baba alikuwa amefariki nikiwa bado sijaanza shule, na hilo banda ndilo lililotulea. Wateja wetu walikuwa walimu, wanawake waliotoka sokoni Mwatate, na makarani waliopanda kwenda Wundanyi. Mama alipika chai ya tangawizi, mandazi na kimanga, yaani ndizi na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo mkali, na alipenda banda lake kuliko wengine wanavyopenda waume zao. Alilifagia mara tatu kwa siku. Ukimwaga chai juu ya meza alikutazama mpaka ukaomba radhi, hata kama wewe ni karani.

Watalii walitujia kwa bahati tu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Dereva mmoja wa Voi alikuwa akiwachukua Wajerumani kutoka hoteli za pwani na kuwapeleka mbugani kutazama tembo. Siku moja bibi mmoja akazidiwa na joto kule chini, na dereva akaona heri ampandishe milimani apate hewa. Gari lenye mistari ya punda milia likasimama mbele ya banda letu. Yule bibi akashuka, akavua viatu, akatia miguu majini, akaanza kulia. Mama aliingiwa na hofu, akadhani amekanyaga mwiba. Kumbe wapi, alikuwa analia kwa furaha.

Tangu siku hiyo gari lilipanda kila Jumamosi saa nne asubuhi. Dereva alikuwa Mwislamu, wa ukoo uliotoka pwani kufuata reli, na Kiswahili chake kilitufanya tuone haya kufungua midomo.

"Karibu, kiti iko hapa," mama alimwambia.

"Kiti kipo, mama, kipo."

"Kipo, iko, si utaketi tu? Ama unangoja kikuitikie?"

Walitaniana hivyo miaka yote. Siku moja nilimuuliza dereva ni nini hasa hawa watu wanachokiona, wazima na akili zao, wakavuka bahari kuja kutazama maji yakianguka. Alikuwa akikoroga chai, akanijibu polepole.

"Kwao wametajirika mno, binti. Mito yao imepita viwandani ikatoka rangi ya wino, yanuka, haiogeki. Wana kila kitu ila hiki. Ndipo wakaja kwenu."

"Basi waje," mama akasema kutoka jikoni. "Wakitaka wachukue na ndoo."

Tulicheka sana. Nakumbuka kicheko kile kwa uchungu, maana tulidhani ujinga ni wao.

Sasa, juu ya mwamba, kabla maji hayajafika ukingoni, kulikuwa na mifereji mitano iliyochepua maji kutoka kijitoni na kuyapeleka mashambani. Ilichimbwa na babu za babu zetu. Kila mfereji ulikuwa na mlango wake, yaani mahali pa kuzibia, na ulizibwa kwa kipande cha mgomba na mabonge ya udongo wenye nyasi. Kila mlango ulikuwa na mwenyewe, na sheria ilikuwa moja: mlango wa mwenzako huugusi. Unaweza kugombana na jirani, ukamnyima moto na chumvi, lakini mlango wake wa maji huugusi, uwe wazi au uwe umezibwa. Hata kama amesahau kuuziba na maharagwe yako yanakauka, unakwenda kwake, unapiga hodi, unangoja amalize kula, ndipo anyanyuke akazibe kwa mikono yake. Nimeona watu wazima wakingoja hivyo huku machozi yanawalenga.

Miaka ya utoto wangu mifereji ilinywa kidogo. Watu walilima mahindi, maharagwe na ndizi za kula nyumbani. Halafu hoteli za pwani zikaanza kuota moja baada ya nyingine, na wageni wao, hawa hawa waliokuja kwetu Jumamosi, walitaka kula mboga. Likaja lori. Likataka kabichi, nyanya na karoti, na lilichukua zote, halikuchagua sana. Sitaki mtu anidharaulie kabichi hapa. Kabichi zilitutoa kwenye nyumba za nyasi zikatuweka chini ya mabati. Zilinunua redio, baiskeli, sare za shule. Mchungaji aliziombea kanisani, nasi tukaitikia amina kwa sauti.

Ila kabichi ina kiu, jamani. Watu wakalima mpaka kwenye midomo ya kijito. Mikuyu iliyofunika maji ikakatwa kwa sababu ilitia kivuli mashambani, na kule juu zaidi wakapanda mikaratusi ya kuuza nguzo, nayo hunywa bila kusema asante. Mwaka hadi mwaka maji yakapungua, nasi hatukuona, kwa sababu tuliyatazama kila siku. Dereva ndiye aliyeona.

"Mama," akasema Jumamosi moja akitazama mwamba, "haya maji yamekonda."

Kesho yake baada ya ibada mama alisimama nje ya kanisa na kuwaambia wenye mifereji jambo ambalo mpaka leo sijui alilitoa wapi. Wazibe. Jumamosi tu, saa nne mpaka saa sita, wazibe wote, maji yote yaende mwambani, wageni wakishaondoka wafungue. Kuna waliocheka, na mzee mmoja akauliza kama wazungu wanatakiwa kufuliwa na nguo pia. Lakini walikubali. Wageni walinunua vikapu na ndizi zao, tena mama alikuwa amewalisha wengi wao kwa miaka mingi.

Kazi yangu ikawa kupanda mwambani na kitambaa cheupe cha meza. Kutoka juu uliweza kuona barabara ya Mwatate mpaka kwenye kona, na enzi hizo, kabla ya lami, gari lilijitangaza kwa vumbi. Nikiona vumbi tu, napunga. Huko mashambani watu watano wanainama pamoja, migomba inashuka, mabonge ya udongo yanafuata. Halafu kimya. Halafu, ndani ya muda wa birika kuchemka, unasikia kijito kinaanza kunguruma nyuma yako, kinakupita miguuni, kinajaa, kinafika ukingoni, na hoo! Yanaanguka yote.

Haki ya Mungu, nimeolewa na nimezaa, na furaha kama ile sijaipata mara nyingi. Chini kule gari linasimama, wageni wanashuka, wanapiga makofi. Mama anatoka na sinia ya chai, uso mkavu kabisa, kana kwamba maji yale yameanguka hivyo tangu Adamu. Dereva alijua. Alipomtazama mama alikohoa, na mama akamwambia ameze tangawizi.

Miaka mitatu tulifanya hivyo, labda minne. Nikamaliza kidato cha nne, nikaitwa chuo cha ualimu. Barua ilikuja na orodha ya vitu: godoro, sanduku, shuka mbili, viatu vyeusi, na vingine ambavyo tulivisoma tukaanza kuhesabu senti zetu. Mama akanikatia kipande cha shamba letu, alilokuwa amelikodisha kwa jirani, kando ya mfereji wa tano, ule wa chini kabisa, karibu na mwamba, akasema, "Lima. Mlango huu sasa ni wako." Nikapanda kabichi. Nilizipanda kwa kamba, mistari imenyooka, nikazipalilia mpaka mikono ikafanya sugu. Majirani walinitania kwamba nitaolewa nazo.

Mwaka huo mvua za vuli zikatutupa. Mawingu yalikuja, yakakaa juu ya milima, yakaondoka. Kijito kikawa cha kurukwa na mtoto. Na ni katika ukame huo dereva alipoleta habari: mkubwa wa kampuni ya safari anakuja Jumamosi, na mpiga picha. Wanataka kuchagua mahali pa kuweka kwenye kitabu cha matangazo ambacho watu wa Ulaya hukisoma kabla ya kuja. Wakipapenda petu, gari litapanda kila siku, si Jumamosi tu. Wasipopapenda, hata hiyo Jumamosi hana uhakika nayo, maana kampuni nayo inabana safari.

"Kila siku," mama akasema. Aliketi. Sikuwahi kumwona akiketi mchana. Akaanza kuniambia ataongeza meza mbili, atamwaga saruji sakafuni, atamwajiri mtu wa kukanda unga. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na siku ile alionekana msichana.

Akawakusanya tena wenye mifereji. Akawaomba wazibe tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu maji yalikuwa machache na yangechelewa kujaa. Wote walikubali mbele yake. Nami nilikuwa mmoja wao safari hii, nikasimama kwenye ule mstari wa wenye milango, nikamwambia mama yangu mwenyewe, "Nitaziba."

Jumamosi ikafika. Mama alitoka mapema kwenda kuazima vikombe vya kanisa, vile vyenye maua. Mimi nikapanda na kitambaa changu. Nikafika mlangoni kwangu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kabichi zangu membamba, si manene kuliko kifundo cha mkono wangu. Zilikuwa zimenyauka pembeni lakini ndani zilikuwa zimefunga vizuri, na lori lilikuwa linakuja Jumanne. Siku moja ya jua kali bila maji na majani yangeungua, na lori halichukui kabichi iliyoungua. Nikasimama. Nikajiambia, wale wanne wakiziba, haya yangu ni kitu gani? Nani ataona pengo la kifundo cha mkono? Nikauacha mlango wazi. Nikaenda zangu mwambani, nikajikalia pale na kitambaa, wala moyo haukunipiga.

Kijito kilikuwa bado hakijajaa nilipoona vumbi, nikadhani maji yamechelewa tu. Nikapunga. Nikangoja kijito kinipite miguuni.

Hakikuja. Nikapunga tena kama mwendawazimu, nikapiga na kelele. Kijito kilikuja kikitambaa, kikazunguka mawe, kikafika ukingoni na kuchuruzika juu ya mwamba kama jasho. Kumbe kila mmoja kati ya watano alikuwa amefikiri nilivyofikiri mimi. Walikuja kukiri mmoja mmoja, miaka ya baadaye, harusini na kwenye matanga: mimi niliacha kidogo tu, mimi niliacha upande, mimi nilidhani wenzangu wamefunga. Kila mmoja na kabichi zake, na kabichi zote zikienda mezani kwa wageni wale wale.

Nilishuka mbio. Mkubwa alikuwa mrefu, mwenye kofia ya majani, amesimama anatazama mwamba uliolowa. Mpiga picha hata hakuitoa kamera mfukoni. Mama alikuwa ameshika sinia yenye vikombe vya maua, hajui aiweke wapi. Alinitazama mara moja, akaangalia pembeni. Mkubwa akageuka, akatazama mashamba yaliyopanda mpaka juu, akasema kitu kwa upole.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Dereva aliona haya. Alikuna kidevu. "Anasema, mama... anasema kabichi zenu ni nzuri sana."

"Mwambie ahsante," mama akasema. Akawamiminia chai. Walikunywa nusu.

Jumamosi iliyofuata mama alifagia, akapanga vikombe, akangoja. Na iliyofuata pia. Ya tatu dereva akaja peke yake, siku yake ya mapumziko, kwa heshima tu, kutuambia kwamba basi. Wageni wenyewe wamepungua, akasema. Mbugani tembo wamewindwa, miti imebaki visiki, na mtu hawezi kutoka Ulaya kuja kutazama vumbi. Wanaona heri wabaki ufukweni. Alikunywa chai yake yote, akaomba na ya pili. Alipoondoka mama alimwita kutoka mlangoni.

"Kiti chako kipo," akamwambia. "Siku yoyote."

Dereva aligeuza uso haraka, akaingia garini.

Baada ya mwaka mmoja au miwili lori nalo likawa linakuja mara moja kwa wiki, halafu likapotea. Wageni wakiwa wachache hotelini, nani atakula kabichi? Lakini zangu zilikuwa zimeshauzwa. Jumanne ile lori lilizichukua zote, mchukuzi akazisifu, nami nikaenda chuoni na godoro jipya na viatu vyeusi. Mama alinisindikiza mpaka stendi ya Mwatate, akanipa mandazi ndani ya leso. Kila kisigino changu kilipogonga chini nilisikia, wewe ndiye uliyemfungia mama hoteli. Nilifundisha Voi miaka karibu kumi na sikuvaa viatu vyeusi tena.

Sikumwambia. Nilikuja likizo, nikamkuta banda amelifanya la kuku, kuku wanataga juu ya meza zetu nne, naye analima kama wengine. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angenitukana ningepona.

Mpaka likizo moja, miaka ya themanini imeshakolea, tukiwa tumeketi tunachambua maharagwe, likanitoka.

"Mama, siku ile ya mkubwa. Mfereji wa tano. Sikuziba."

"Najua," akasema. Hata hakuinua kichwa.

"Unajua? Nani alikuambia?"

"Nilipita pale natoka kanisani na vikombe. Nikauona u wazi."

Nilitupa ungo chini. "Ukauona! Na gari halijafika! Mbona hukuziba, mama? Si ungeziba tu!"

"Mlango wa mwenzako huugusi."

"Usiniletee habari za milango! Mimi mwanao!"

Akaanza kuokota maharagwe niliyoyamwaga, moja moja. 

"Nilikiweka chini kile kikapu cha vikombe," akasema. "Nikashika mgomba, nikaunyanyua. Halafu nikaziona kabichi zako. Zilikuwa zimefunga vizuri sana. Nikasema, hizi zikifa, huyu atakaa hapa kunipungia kitambaa mpaka azeeke. Nikaurudisha mgomba chini. Nikabeba vikombe vyangu nikaenda."

Miaka kumi nilidhani nimemwibia, kumbe alinipa akiwa anaona. Nililia mbele ya kuku wale kama mtoto. Naye akaniambia niache upuuzi, nimeyatia maharagwe mchanga.

Nikachukua jembe, nikapanda juu kwenye mifereji. Mlango wangu ulikuwa pale pale, jirani anautumia, na siku hiyo nilikwenda kwake kwanza nikapiga hodi na kumwomba ruhusa. Alinishangaa, akasema ziba tu, mwalimu. Nikakata mgomba, nikauteremsha, nikapanga mabonge ya udongo mpaka maji yakaacha kupita. Nikaenda kusimama mwambani. Barabara ya Mwatate ilikuwa na lami sasa, hakuna vumbi, wala hakuna gari. Maji ya mfereji mmoja tu, membamba kama kifundo cha mkono wangu, yakanipita miguuni yakafika ukingoni. Yalianguka uzi mmoja mweupe, yakatoa sauti kidogo pale chini.

Nikainama kutazama. Mama alikuwa ametoka nje ya banda, uso umeelekea juu. Alisimama hivyo, halafu akaingia ndani, kuku wakakimbia. Alipotoka alikuwa na kile kitambaa cha meza, cheupe bado, chenye alama za mikunjo. Akakinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akanipungia.